Bati Letu Lilikuwa Bado Zima



Masika ya mwaka juzi paa letu lilivuja juu ya meza ya kukatia. Sisi ni ndugu wawili, tunashona pamoja katika nyumba aliyotuachia baba hapa Wete, na mama yetu anaishi nasi. Siku ile mezani palikuwa na kitambaa cheupe cha bibi harusi. Maji yaliteremka na kutu, na doa la kutu halitoki kwa sabuni. Tulinunua kitambaa kingine kwa fedha zetu, tukamuomba radhi mteja.

Fundi wa kwanza alitazama akiwa chini, akasema, "Ezueni lote." Kusema kweli, maneno yale hatukuyachukia. Majirani walikuwa wameshaezeka mabati ya rangi, na letu la kijivu lilikuwa likitutia haya. Lakini fedha tulizokuwa nazo ndizo mtaji wa vitambaa vya Iddi. Mkopo tuliopata ulikuwa wa riba, na riba hatuitaki ndani ya nyumba, seuze juu ya vichwa vyetu.

Mama alitusikiliza, kisha akauliza, "Gauni likifumuka upindo, nyinyi hulitupa?"

Tukanyamaza.

Tukamwita mjomba wetu, ambaye amepaka rangi vyombo vya baharini miaka mingi. Yeye alipanda juu. Alitueleza kuwa bati ni chuma kilichovishwa zinki. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huila zinki ile kidogo kidogo, hasa penye misumari, penye mapishano na kwenye kingo zilizokatwa. Zinki ikiisha, chuma hushika kutu. Kutu ya juu juu hutibika, lakini bati lililotoboka halitibiki kwa rangi. Akagonga bati moja moja, akakagua na kenchi. Mabati sita yalikuwa yametoboka na mbao moja imeoza. Mengine yote yalikuwa mazima.

Tulifunika turubali, tukangoja Januari, vuli imepita na kaskazi inavuma. Mjomba na vijana wake walipanda, kamba viunoni. Sisi tulichota maji na kupika.

Kwanza walibadilisha ubao na yale mabati sita. Wakasugua kutu kwa brashi ya waya, wamevaa barakoa, wakatoa misumari iliyolegea na kupiga mipya yenye mpira. Kisha paa likaoshwa kwa sabuni na maji ya bomba, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya chumvi na vumbi hubanduka. Lilipokauka, likapakwa praima ya kuzuia kutu, halafu rangi ya bati mara mbili. Tulichagua nyeupe ili joto lipungue. Walipaka asubuhi, umande umekauka na bati halijapata moto. Na kwa kuwa tunakinga maji ya mvua, tuliulizia dukani rangi isiyo na madini ya risasi, na mvua za mwanzo tuliziacha zimwagike.

Gharama yote haikufika nusu ya kuezeka upya. Vitambaa vya Iddi tulinunua, na deni hatuna.

Hatusemi kila paa lipakwe rangi. Kama kenchi zimeoza au matundu yameenea, kupaka ni kuficha maradhi. Wala rangi si ya milele. Sasa kila masika yakiisha mjomba hupanda kukagua. Tunachosema ni kuwa, kabla ya kukubali kuezua, apande mtu juu atazame. Israfu si ya chakula peke yake. Hata kutupa bati zima kwa kumuonea haya jirani ni israfu, na sisi tulikuwa karibu kuifanya.

Usiku wa mvua kubwa ya kwanza tulikaa macho, masikio darini. Mama alikuwa amelala fofofo. Alhamdulillah, hata tone moja halikuanguka.

Allah atuhifadhie nyumba zetu na waliomo ndani yake. Amin.