Mapishi ya Siku za Kawaida: Barua kwa Mtoto wa Kaka

Mwanangu,

Mapishi ya kila siku yanayoujenga mwili ni yale yanayoweza kupikwa jioni ya Jumanne, mpishi akiwa ametoka kazini, kwa vitu vinavyopatikana gengeni na kwa pesa iliyopo. Pishi lisilotimiza sharti hilo hupikwa mara moja, likasifiwa, kisha likasahaulika. Ndiyo maana utafutaji huanzia kwenye sufuria ya nyumbani, kwenye vyakula vichache ambavyo familia huvirudia wiki hadi wiki. Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya vyakula hivyo ni ugali, wali, maharage, mchicha au sukuma wiki, dagaa, samaki, ndizi, viazi na chapati. Karibu vyote ni vyakula vizuri kwa asili. Kinachoviharibu mara nyingi ni mkono mzito wa mpishi kwenye mafuta, chumvi na sukari, na mkono huo unaweza kufunzwa.

Chanzo cha kwanza cha mapishi ni watu wazima wa ukoo na wa mtaa. Shida yao ni moja tu: wanapika kwa kukadiria. Wanasema "tia mafuta kiasi" au "weka tui likutoshe", na kiasi chenyewe kinakaa kwenye jicho lao. Anayejifunza inafaa aingie jikoni na kikombe na kijiko, apime kila kitu kabla hakijaingia chunguni, na aandike kwenye daftari: maharage nusu kilo, kitunguu kimoja kikubwa, nyanya tatu, mafuta vijiko viwili, dakika kadhaa za kuchemka. Pishi lililopimwa linaweza kurekebishwa siku nyingine. Lisilopimwa hubaki la kubahatisha.

Chanzo cha pili ni vitabu vya kitaalamu, ambavyo watu wengi hawajui kama vipo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya, ikisaidiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa kitabu cha mapishi ya vyakula vya kawaida vya nchi hiyo, kila pishi likiwa na vipimo vyake pamoja na virutubisho vilivyomo. Tanzania ilikuwa imeshatoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vyake mwaka 2008, kazi ya Taasisi ya Chakula na Lishe, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard. Vimeandikwa kwa Kiingereza na vimejaa tarakimu, lakini thamani yake ni kubwa: vinazungumzia vyakula vinavyoliwa hapa, wala havimlazimishi mpishi wa Tabora kutafuta majani na nafaka za ng'ambo.

Kisha kuna video fupi za kwenye simu. Zinafundisha mikono vizuri, kwa mfano namna ya kukunja chapati au kupara samaki, ila kwenye vipimo ni dhaifu. Mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa na hakuna anayesema ni kiasi gani. Na pishi linaloahidi kuponya kisukari au kuyeyusha kitambi kwa wiki moja lisipewe nafasi kabisa. Hakuna chakula chenye uwezo huo.

Pishi lolote likishapatikana, vitu vitatu hukaguliwa kwanza. Cha kwanza ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Sufuria ya watu wanne iliyotiwa vijiko viwili inamfikia kila mlaji na nusu kijiko, na hicho kinatosha kukaangia kitunguu na kuleta ladha. Mafuta ya alizeti ni afadhali kwa matumizi ya kila siku kuliko samli au mafuta magumu. Tui la nazi nalo lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu katika damu. Halihitaji kufukuzwa jikoni, maana vyakula vya pwani bila nazi vimekatwa mkono. Ila siku za kawaida tui jepesi linatosha, na tui zito likangoja wageni na sikukuu.

Cha pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate, vitafunwa na vibonge vya kuungia mchuzi. Kipimo hiki kinaweza kuhakikiwa nyumbani bila mzani. Watu wazima wanne wanaopikiwa pamoja hawapaswi kuzidi gramu 20 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 25. Ikiisha kwa wiki mbili, na haikutumika kukaushia samaki, mboga zinatiwa chumvi kupita kiasi. Kinachochukua nafasi yake ni ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, kotimiri na pilipili. Kibonge cha mchuzi hakihesabiwi kuwa badala, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni chumvi ileile. Ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya wiki kadhaa, hivyo ni vema ipunguzwe polepole badala ya kukatwa ghafla. Chumvi yenyewe iwe yenye madini joto na ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Cha tatu ni sukari, nayo haihitaji maneno mengi. Inaingia zaidi kwa kikombe kuliko kwa sahani. Soda moja ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na chai ya vijiko vitatu ikinywewa mara tatu kwa siku inalingana nayo. Maji yawe kinywaji cha mezani.

Baada ya hapo huja chakula kikuu. Unga wa dona una kiini na kapi la mahindi, kwa hiyo una nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini zaidi kuliko sembe iliyokobolewa. Ila dona ina masharti yake. Kiini kina mafuta, na unga wake huchacha mapema, hivyo unasagishwa kidogo kidogo. Kubwa zaidi ni usafi wa mahindi. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu watoao sumu iitwayo aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauiui. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyooza au kubadilika rangi hayapaswi kwenda mashineni, wala karanga zilizosinyaa na kuota ukungu zisitwangwe kwa ajili ya mboga. Kuzitupa ni uamuzi sahihi hata mwezi ukiwa mgumu.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, viitwavyo viazi lishe, vinastahili nafasi ya kudumu kwenye kifungua kinywa. Rangi hiyo ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kazi ya kuviendeleza na kuvieneza Afrika iliwapatia watafiti, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Vikichemshwa na maganda yake na kuliwa na karanga au chochote chenye mafuta kidogo, mwili huipokea karotini vizuri zaidi.

Maharage ndiyo pishi la kujifunza kuliko yote, kwani yana protini, chuma na nyuzinyuzi kwa bei ambayo nyama haiwezi kuikaribia. Nusu kilo inalisha watu wanne na kubakiza kiporo. Huchambuliwa mchana, mawe na punje mbovu zikatolewa, yakaoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji ya kuloweka humwagwa, nayo huondoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Yanabandikwa kwa maji mapya na kuchemshwa kwa nguvu, kwa sababu maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha, na sumu hiyo huvunjwa na maji yanayotokota angalau dakika 10. Baada ya hapo moto hupunguzwa na sufuria hufunikwa hadi yaive. Nyanya na ndimu hazitiwi mapema: ukali wake huyafanya yachelewe kulainika, na mkaa huteketea bure. Magadi huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi. Kuloweka kunaokoa muda bila hasara hiyo. Yakishaiva, kitunguu hukaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta, kitunguu saumu kikafuata, kisha nyanya na karoti iliyokwaruzwa, halafu maharage na supu yake. Chache hupondwa kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, kazi ambayo wengi huiachia tui zito. Chumvi huja mwisho, ikionjwa.

Mboga za majani zinadai kinyume chake, yaani haraka. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa kila mtu, na viazi na muhogo havimo kwenye hesabu hiyo. Mchicha hunywea sana motoni. Fungu linaloonekana kubwa gengeni hubaki kijiko kwa kila sahani, basi familia ya watu wanne inahitaji mafungu kadhaa. Majani huoshwa yakiwa mazima, ndipo yakatwe, kwa kuwa vitamini C huyeyuka majini na kupungua kwa joto. Kitunguu na nyanya vikishalainika, mchicha huingia na matone yaliyobaki kwenye majani, hufunikwa dakika chache, na huipuliwa ungali kijani. Mtindo wa kuuchemsha, kuukamua na kuyamwaga maji unafaa uachwe. Kisamvu kiko peke yake: majani ya muhogo yana sumu, hivyo lazima yatwangwe na kuchemshwa sana, sufuria ikiwa wazi, kabla ya kutiwa karanga au nazi. Matembele, majani ya kunde, mnavu na mgagani ni vya kuzungushwa kwa zamu na mchicha, kadiri ya msimu.

Kwenye kitoweo, dagaa ndio wanaostahili heshima ambayo hawapewi. Wanaliwa na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Huondolewa vichwa kama ladha chungu inasumbua, hulowekwa kidogo ili mchanga ushuke, kisha hupikwa kwa nyanya na ndimu badala ya kuzamishwa kwenye mafuta. Samaki wabichi, mayai na kuku hufuata. Nyama nyekundu mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na kiasi kidogo kikichanganywa na njegere au ndizi hufika mbali.

Namna ya kupanga mlo nayo ni sehemu ya pishi. Chuma cha maharage na mboga hufyonzwa vizuri kikiandamana na vitamini C: chungwa, papai, embe, au ndimu juu ya mboga. Chai na kahawa huzuia ufyonzwaji huo, kwa hiyo zinywewe saa moja au zaidi mbali na mlo, hasa kwa mama mjamzito na binti anayekua.

Pishi jipya huingizwa moja kwa wiki, kando ya vyakula vilivyozoeleka, na hubadilishwa kitu kimoja kwa mara moja: wiki hii mafuta, ijayo chumvi, kisha dona badala ya sembe. Baada ya kila jaribio daftari liandikwe gharama, muda wa moto na nani alikataa kula. Likipita mara tatu bila manung'uniko, limekuwa pishi la nyumba.

Mwenye maradhi hapikiwi kwa kanuni za jumla peke yake. Mgonjwa wa figo huweza kuzuiwa maharage, ndizi na hata mchicha kwa ajili ya potasiamu, vyakula ambavyo kwa mtu mwenye afya njema ni vya kusifiwa. Mwenye kisukari anahitaji kujua kiasi cha ugali wake, siyo aina tu. Kwa nyumba yenye mtu wa namna hiyo, daftari la mapishi lipelekwe kliniki pamoja naye, mtaalamu wa lishe alisome na aandike marekebisho yake humo humo.

Shangazi yako