Tusizike na Vicheko Vyao

Msomaji mpendwa, umewahi kusikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa mazishini ukajiuliza anazungumziwa nani? Alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua, akaaga dunia. Basi.

Marehemu mjomba wangu alikuwa zaidi ya hayo. Alipanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, kwa sababu tu rafiki yake alimwambia hawezi. Kabla ya reli mpya kufunguliwa mwaka wa 2017, alisafiri usiku kucha kwa gari-moshi la zamani hadi Mombasa, akamletea nyanya chupa ya maji ya bahari. "Onja, mama, ni dawa." Nyanya aliyatema, akamfukuza kwa mwiko, kisha wote wawili wakaangua kicheko.

Visa hivi havikusomwa. Wanawe wadogo walitoka kaburini wakiujua ugonjwa wake tu. Ndiyo maana kila likizo mimi huwasimulia. Kitinda mimba ameshaniuliza ni lini atakwenda kuionja bahari.

Nawe, ndugu msomaji, una mpendwa wako aliyetangulia. Waketishe watoto jioni ya leo, uwaeleze vituko vyake. Wasirithi kaburi pekee.