Swali la Ngorongoro katika Usaili wa Karatu

Kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotangaza nafasi, mji wa Karatu hubadilika kidogo. Maduka ya kutoa kopi yaliyo kando ya barabara kuu iendayo lango la Lodoare hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Wengine wanaandika barua za maombi, wengine wanatafuta wakili wa kuthibitisha vyeti, na karibu wote wanarudufu madesa ya usaili. Magari ya watalii yanapita mbele yao yakipanda kuelekea kreta, nao wanakariri majina ya mito ya Afrika Magharibi.

Desa moja lililopita mikononi mwangu likizo iliyopita lilikuwa na sehemu nene iliyoitwa “masuala ya sasa”. Humo mlikuwa na majina ya mawaziri, virefu vya vifupisho, miaka ya kuundwa kwa taasisi na makao makuu ya mashirika ya kimataifa. Ngorongoro ilipewa mistari mitatu: eneo la kilometa za mraba 8,292, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, Urithi wa Dunia tangu mwaka 1979. Yote matatu ni kweli. Lakini mtu anaweza kuyajua yote matatu bila kujua lolote kuhusu jambo zito kuliko yote linaloendelea nusu saa kutoka mlangoni pake.

Sisemi hivyo kwa kuudharau usaili. Sekretarieti iliundwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, baada ya sheria hiyo kurekebishwa mwaka 2007, ili mtoto wa mkulima wa vitunguu wa Mang’ola ashindane na mtoto wa mkurugenzi kwa kalamu ileile. Usaili wa mchujo, kisha wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha mahojiano: hatua hizi ni ukuta dhidi ya ajira ya kujuana. Kwa kuwa ukuta huu ni wa thamani, tuna haki ya kuuliza unamchuja nani na unamwacha nani apite.

Likizo hiyo niliombwa na wahitimu tisa wa Karatu niwasaidie kujiandaa. Tulikutana jioni katika darasa tuliloazimwa. Sita walikuwa wenyeji wa wilaya, wengi wao Wairaqw. Watatu walitoka juu, tarafa ya Ngorongoro, nao wamepanga vyumba mjini wakisubiri ajira. Siku ya tatu, mmoja wa hao watatu, binti mwenye shahada ya utawala, aliuliza: “Mwalimu, wakiniuliza kuhusu Ngorongoro, nijibu nini?”

Mwenzake alimjibu kabla yangu. “Jibu kama serikali inavyosema, dada. Utalii, uhifadhi, wananchi wamehama kwa hiari. Halafu nyamaza.”

Binti akasema, “Na wakiniuliza natokea wapi?”

Darasa lilinyamaza. Niliona kwamba hapo ndipo maandalizi yetu yalipaswa kuanzia, nikawataka wafunge madesa. Tuliyapanga mambo ubaoni kwa utaratibu, nami nayarudia hapa kwa faida ya wasomaji wanaojiandaa kama wao.

Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliitenga Ngorongoro kutoka Serengeti. Wafugaji wa Kimaasai waliondoka Serengeti ili ibaki hifadhi ya taifa isiyo na makazi, nao wakaahidiwa kuendelea kuishi Ngorongoro, ambako sheria ilikusudia watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku. Kikaruhusiwa tena kwa kiasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha kikazuiwa tena. Wakazi waliokuwa takriban 8,000 mwaka 1959 wamepita 100,000 kwa hesabu ambazo serikali yenyewe imezitumia. Juni 2022 familia za kwanza zilianza kupelekwa Msomera, wilayani Handeni. Mwezi huohuo, uwekaji wa mipaka katika eneo la kilometa za mraba 1,500 huko Loliondo ulizua makabiliano ambayo askari polisi mmoja aliuawa na wananchi kadhaa wakajeruhiwa.

Kisha ukaja Agosti 2024. Tangazo la Serikali Namba 673 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika tarafa ya Ngorongoro, miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Maelfu ya wananchi walijitokeza kwenye barabara iendayo Serengeti wakipinga. Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa tangazo hilo, na serikali ikatamka kwamba wananchi watapiga kura katika vijiji vyao. Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii ya Kimaasai mjini Arusha, na Februari 2025 alizindua tume mbili: moja ya mgogoro wa ardhi, nyingine ya zoezi la kuhama kwa hiari.

Baada ya ubao kujaa, niliwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilitetea hoja ya serikali kwa nguvu zake zote: idadi ya watu na mifugo imeongezeka mno katika ardhi isiyoongezeka, mapito ya wanyama yanabanwa, utalii unalipa mishahara na dawa nchi nzima, na mtoto wa mfugaji anastahili shule, nyumba na shamba ambavyo sheria ya hifadhi haimruhusu kuvipata alipo. Kundi la pili lilitetea hoja ya wakazi: ahadi ya mwaka 1959 haikuwa na tarehe ya mwisho, hiari haina maana pale huduma za jamii zinapofifia kwa asiyetaka kuondoka, na hoteli nazo hunywa maji na kukata njia za wanyama. Niliwapa Wairaqw hoja ya wakazi, na watoto wa tarafa hoja ya serikali. Sijawahi kuona darasa likifikiri kwa bidii kama jioni ile.

Jambo moja lilijitokeza ambalo desa halina. Karatu si mtazamaji. Chemchemi zinazomwagilia mashamba ya wilaya zinategemea msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Vijana wa Karatu wanaendesha magari ya watalii na kupika katika hoteli. Tembo wanaotoka msituni usiku wanakanyaga mahindi ya wakulima wa pembezoni. Kwa hiyo mtu wa Karatu anayesema “hayo ni ya Wamaasai” ana maslahi ambayo hajayataja, na mtumishi asiyeyajua maslahi yake hawezi kuyaweka kando anapoamua shauri la mwingine.

Wanafunzi wangu hupenda kunitajia India, kwa kuwa wameona katika mitandao jinsi vijana wa huko wanavyojiandaa kwa mtihani wa utumishi wa umma. Mfano huo una mafunzo ya pande mbili. Mtihani wa ushindani ulianza mwaka 1855, ukifanyikia London, na haukufanyika ndani ya India hadi mwaka 1922. Mhindi wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, aliyefaulu mwaka 1863, alilazimika kuvuka bahari. Uliitwa wa haki, lakini mlango wake ulikuwa ng’ambo. Leo mamia ya maelfu wanashindania nafasi zisizofika hata chache katika kila mia, na biashara ya vituo vya kukaririsha imekula akiba za familia nyingi. Hilo tusiliige.

Lakini tangu mwaka 2013 mtihani huo umekuwa na karatasi nzima ya maadili, ambayo humpa mtahiniwa kisa cha ofisini na kumtaka aeleze angefanya nini na kwa nini. Mwaka huohuo wa 2013, katika vilima vya Niyamgiri jimboni Odisha, Mahakama ya Juu ya India iliagiza mabaraza ya vijiji yaulizwe kuhusu mgodi wa boksiti uliokusudiwa kuchimbwa katika ardhi wanayoiabudu, chini ya Sheria ya Haki za Misitu ya mwaka 2006. Vijiji 12 viliulizwa, na vyote 12 vikakataa. Sidai kwamba India imemaliza matatizo ya watu wake wa misituni. Bado wanahamishwa kupisha hifadhi za chui milia. Nasema tu kwamba huko, kisa kama cha Ngorongoro kinaweza kuwa swali la mtihani bila mtahiniwa kudhani ametegewa mtego.

Kanuni zetu wenyewe hazitulazimishi kunyamaza. Maadili ya utendaji katika utumishi wa umma yanataja utii kwa serikali, lakini yanataja pia uadilifu, kutoa huduma bila upendeleo, kuwajibika kwa umma na kuheshimu sheria. Utii ni mmoja katika orodha hiyo. Haukuandikwa ili uimeze orodha. Tangazo la serikali haliandikwi na upepo. Hupita katika meza: mmoja huandaa rasimu, mwingine huhakiki majina ya vijiji, mwingine huweka mhuri. Mtumishi anayejua kwamba nyuma ya jina la kitongoji kuna daftari la wapiga kura, zahanati na makaburi, anaweza kumwandikia mkuu wake dokezo la ukurasa mmoja: “Mheshimiwa, hatua hii ina athari hizi kisheria.” Dokezo hilo si uasi. Pengine ndilo huduma kubwa kuliko zote anazoweza kuitolea serikali yake.

Ndiyo maana niliwaachia wahitimu wale maswali manne ya kuuliza juu ya kila suala la sasa. Sheria inasema nini? Nani aliamua, na kwa mamlaka gani? Nani anabeba gharama? Ni ushahidi gani ungebadilisha mawazo yangu? Binti yule aliandika jibu lake upya kwa maswali hayo. Alianza na sheria, akataja hoja za pande zote mbili, kisha akaandika kwamba yeye ni mzaliwa wa tarafa hiyo na kwamba analisema hilo ili jopo lipime maneno yake kwa haki. Wenzake walibishana kama sentensi hiyo itamgharimu kazi. Wawili walimsihi aifute. Aliiacha. Sikuweza kumwahidi kwamba alifanya jambo la busara. Niliweza tu kumwambia kwamba ningependa faili langu lishughulikiwe na mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa ninyi mnaotunga maswali na mnaokaa katika majopo. Mkiuliza makao makuu ya shirika fulani, mtaletewa vijana wenye kumbukumbu nzuri, na simu iliyo mezani penu ina kumbukumbu nzuri zaidi. Ulizeni kuhusu Ngorongoro, Msomera na Loliondo. Mpeni alama anayezieleza hoja za pande zote kwa ukweli, hata kama hitimisho lake si lenu. Kijana atakayejifunza chumbani mwenu kwamba ukweli unamponza, atatuhudumia kwa somo hilo miaka thelathini na zaidi, mpaka siku ya kustaafu.