Gurudumu la Nyuma Nililifunga Mimi

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi mwanangu wa miaka kumi na sita alirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli ameibeba begani. Tairi la nyuma lilikuwa limelala upande, limeganda kwenye bomba la kushoto la fremu. Viwiko vyake vyote viwili vilikuwa vinatoka damu.

"Gurudumu limehama, Mama," alisema. "Niliruka kidogo, nilipotua nikakanyaga pedeli kwa nguvu, likakwama. Labda nimeruka vibaya."

Tunaishi Sheffield, mji wa vilima huku Uingereza, na vijana wa hapa wakipata nafasi hukimbilia Lady Canning's Plantation, msitu ulio pembezoni mwa mji wenye njia za baiskeli za milimani. Nilimwosha, nikampaka dawa, nikamshukuru Mungu kwa helmeti. Kisha nikatoka kwenda kuitazama baiskeli, na moyo ukanidunda. Gurudumu lile nililifunga mimi.

Jana yake nilikuwa nimemfuata shuleni kwa sababu ya mvua, na baiskeli ilikataa kuingia kwenye buti la gari mpaka gurudumu la nyuma litoke. Tulipofika nyumbani yeye alikimbilia chakula, mimi nikalirudisha. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mimi ni binti wa fundi baiskeli. Nimekulia Tabora kwenye kibanda cha baba yangu, na nikiwa na miaka tisa nilikuwa naziba pancha na kumpokeza spana kabla hajaiomba. Phoenix za wakati ule zilishika gurudumu la nyuma kwa nati mbili, moja kila upande. Unakaza kulia kidogo, kushoto kidogo, unatazama gurudumu limekaa katikati na cheni imelegea kiasi, ndipo unamalizia.

Baiskeli ya mwanangu haina nati hizo. Ina kimkono cha kukunja, yaani wenzo, na ndani ya ekseli yenye tundu umepita uzi wa chuma mwembamba kama penseli. Ijumaa ile niliuzungusha wenzo ule kama nati ya masikio mpaka ukagoma, nikaridhika.

Jumatatu niliipeleka kwa fundi, mzee mmoja mpole, akanionyesha kosa langu bila kunicheka. Wenzo haukazwi kwa kuzungusha. Kichwa chake kimetengenezwa kama yai, na ni pale unapoukunja ndipo upande mnene wa yai unapovuta ule uzi na kuibana fremu kwenye habu. Ukiuzungusha tu, unapata mkazo wa vidole, basi. Unatosha kwenye lami mpaka dukani. Mlimani, ukiruka gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, linashuka kidogo kwenye mdomo wa fremu, na ukikanyaga pedeli cheni inavuta upande wa kulia kwenda mbele. Tairi linageuka na kugusa bomba la kushoto. Ndivyo ilivyokuwa, hatua kwa hatua.

Wenzo wenyewe ni wa kale kuliko nilivyodhani. Husimuliwa kwamba Tullio Campagnolo, mwendesha baiskeli wa mashindano wa Italia, alikwama kwenye baridi ya mlimani mwaka 1927, vidole vimeganda, akashindwa kufungua nati za gurudumu lake. Miaka michache baadaye akaja na ekseli ya kufunguka bila spana. Ilikuwa dawa ya mtu anayetaka kubadilisha gurudumu upesi barabarani. Baiskeli za milimani ziliirithi, kisha zikaja breki za diski, springi na kuruka mawe, na kazi ikawa nzito kuliko ile iliyokusudiwa.

Nilimwuliza fundi: nifunge kitu gani ili lisitoke tena? Akaniambia jibu linaanza kwenye fremu, haliko kwenye rafu ya vipuri.

Fremu ya mwanangu ina midomo iliyo wazi kwa chini, na nafasi ya milimita 135 kati ya upande na upande. Fremu ya namna hiyo haina namna nyingi. Ya kwanza ni wenzo uleule ila wa maana: uzi wa chuma, na lile yai lake limefichwa ndani ya kifuniko. Wenzo wa aina hii hubana zaidi kuliko ule mwepesi ambao yai lake liko nje, wenye kipande cha plastiki, na tope haliuingii kirahisi. Ya pili ni bolti nene ya milimita 10 inayojaza mdomo wote wa fremu badala ya ule uzi mwembamba, mradi habu iwe inaikubali. Ya tatu ndiyo ambayo mwanangu alikuwa ameshaitolea macho: ekseli ya kupenya. Hii ni fimbo ya milimita 12 inayopita kwenye tundu la fremu, ikapita katikati ya habu, ikajifunga kwa meno ya skrubu upande wa pili. Tundu ni duara kamili, halina mdomo. Hata ikilegea kidogo, gurudumu haliwezi kudondoka mpaka fimbo yote itoke. Na kwa unene wake, sehemu ya nyuma ya baiskeli haipindipindi kwenye kona.

Lakini ekseli ya kupenya haibandikwi kwenye fremu isiyo yake. Inabidi ununue baiskeli nyingine. Fundi alikuwa nayo moja iliyotumika, ya 12 kwa 148, pauni 420.

Nilikuwa na pauni 400 na kitu, zimekaa tayari. Zilikuwa za mabati ya nyumba ya baba, kabla ya masika. Wazazi wenzangu mnaoishi mbali mnaijua hesabu hii. Nilisimama dukani nikaanza kujishawishi: baba ataelewa, damu ya mtoto haina bei. Na mwanangu nilikuwa bado sijamwambia. Aliendelea kuamini kwamba ameruka vibaya, na mimi nikamwacha aamini.

Usiku nilimpigia baba kwa video.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu wangu viwiko vinaendeleaje?"

Nikamweleza yote, pamoja na lile nililomficha kijana. Akaniambia nimsogezee wenzo aone. Aliutazama kwa muda, akanifanya niukunje na kuukunjua mara tatu mbele ya kamera.

"Umevunjika?"

"Hapana."

"Umepinda?"

"Hapana, Baba."

"Basi haukukosea wenyewe. Hiyo baiskeli mpya unamnunulia yeye, au unajinunulia usingizi?"

Sikuwa na jibu. Baba hakugusia mabati hata mara moja, na mimi sikuyataja.

Asubuhi, kabla ya shule, nilimwambia mwanangu: gurudumu lile nililifunga mimi, na nililifunga vibaya. Nilitegemea hasira. Aliweka kijiko chini, akaniuliza, "Kwa hiyo sikuruka vibaya?" Siku nne alikuwa amelibeba hilo kimya. Niliumia kuliko nilipoona damu.

Tulinunua wenzo wa chuma wenye yai lililofichwa, pauni 22. Fundi alikagua fremu na habu, akasema ni nzima. Kisha akatufundisha wote wawili, na nawapa hapa kama tulivyopewa. Ukunjue wenzo. Kaza nati ya upande wa pili kidogo kidogo mpaka wenzo uanze kuwa mgumu pale unapokuwa umenyooka nje, sawia na ekseli. Hapo usukume kwa kiganja mpaka ulale. Ukilala bila kukuachia alama kiganjani, umelegea. Ufungue, ongeza nati kidogo, urudie. Uelekeze sambamba na bomba la fremu, usije ukanaswa na vijiti vya njiani. Mwisho nyanyua nyuma ya baiskeli na upige tairi kwa juu na kiganja. Likicheza, usitoke. Na gurudumu likiwa nje usiminye breki ya diski, maana vibao vyake vitakutana na diski haitapata pa kuingia.

Anayenunua baiskeli mpya ya milimani leo, ushauri wangu achukue yenye ekseli ya kupenya, asifikirie mara mbili. Ila akibadilisha ekseli hiyo baadaye, apime mambo matatu: unene, urefu, na meno ya skrubu, kwa sababu zipo za milimita 12 zenye meno ya 1, ya 1.5 na ya 1.75, na moja haiingii kwenye fremu ya nyingine. Nayo ikazwe kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Unene hauifungi kwa niaba yako.

Kwa wanafunzi mnaoacha baiskeli nje ya bweni, kumbukeni kuwa kinachofunguka bila spana kinafunguka hata kwa mwizi. Kufuli lenye umbo la U lipitisheni kwenye gurudumu la nyuma ndani ya pembetatu ya fremu, mkalifunge kwenye chuma kilichosimikwa. Zipo pia bolti zenye ufunguo wa pekee za kuweka mahali pa wenzo. Zinafaa mjini, ila ufunguo ukiusahau siku ya pancha mlimani, utatembea.

Mabati yalinunuliwa mwezi wa kumi na moja. Mwanangu sasa anaweka akiba ya baiskeli ya ekseli ya kupenya kutokana na kazi yake ya Jumapili. Mimi nimemwahidi nusu. Mpaka siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi analifunga gurudumu mwenyewe, anapiga tairi, kisha anakuja jikoni na kuninyooshea kiganja. Naitazama ile alama nyekundu, ndipo namwambia aende.