Maruhubi: Jumba la mke mmoja na masuria 99

Wewe kijana wa mjini unayevuka bahari wikiendi kwenda Unguja, ratiba yako naijua. Jioni Forodhani, pweza wa kuchoma, urojo, kesho yake Nungwi kuponda raha. Sawa, pesa ni zako. Lakini ukibakiwa na asubuhi moja kabla ya boti, panda daladala ya Bububu na umwambie konda akushushe Maruhubi. Ni kama kilometa 4 tu kaskazini mwa Mji Mkongwe, hata kiti hakijapata joto umeshafika.

Unaingia kwenye bustani yenye miembe mikubwa ya kizee. Upande wa bahari ndiko liliko gofu lenyewe. Kinachokupokea ni nguzo. Nguzo nene za mawe, zimejipanga mistari kama askari wa gwaride, na hazijabeba chochote. Zamani zilishikilia roshani ya ghorofani. Sasa juu yake kuna mawingu na kunguru.

Mwenye nyumba alikuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka alipofariki 1888. Kwa ujenzi, jamaa hakuwa mchezo! Beit al-Ajaib ya 1883, ile iliyoporomoka sehemu Desemba 2020, ni kazi yake. Maji ya bomba kutoka chemchemi mpaka mjini, yeye pia. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza akatembezwa, na inasemekana kuta ndefu za bustani ya Maruhubi ni mtindo aliourudisha kutoka huko. Jumba likakamilika 1882.

Sasa subiri. Jumba hili lilikuwa la wanawake wake. Kila mtembeza wageni atakutajia hesabu ile ile: mke mmoja na masuria 99. Mia kamili! Mimi hesabu iliyonyooka namna hiyo naona imetiwa chumvi, lakini hata ukikata nusu bado ni mtaa mzima.

Pita uone hamamu, lile bafu la Kiajemi. Birika kubwa la Sultani, la kwake peke yake, bado linaonekana, na sehemu za wanawake zimetengwa. Marumaru usiitafute. Jumba liliungua 1899, na marumaru ya bafuni ikaibwa. Moto ukala mbao, binadamu wakala mawe.

Basi kwenye nguzo ndipo watu wanapotoa kamera. Mdada anaegemea, mkaka anashika kiuno, mapenzi ya kisultani hayo. Mwenzangu niliyekwenda naye alitazama picha moja ikipigwa, halafu akauliza kwa sauti kabisa:

"Kwani hao masuria walitongozwa?"

Swali hilo lilinifanya nitembee bustani nzima kimya.

Maana suria si nyumba ndogo kama mnavyotaniana Sinza. Suria alikuwa mtumwa. Alinunuliwa, au alitolewa zawadi kama kitambaa. Akimzalia bwana wake, hali yake ilipanda: hawezi kuuzwa tena, na mtoto anazaliwa huru, anaweza hata kukalia kiti cha enzi. Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria, Mhabeshi. Kwa hiyo hariri ilikuwepo, dhahabu ilikuwepo. Ruhusa ya kusema "mimi naondoka" ndiyo haikuwepo.

Na hapa ndipo historia inapochekesha, kama una moyo wa kucheka. Barghash huyo huyo, akibanwa na Waingereza, alitia saini 1873 mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Mkunazini. Miaka 9 baadaye Maruhubi inakamilika. Mwaka 1897 ikaja amri kwamba watumwa wa Unguja na Pemba wanaweza kudai uhuru wao. Wote? Thubutu! Masuria wakaachwa nje. Amri ikasema wahesabiwe kama wake za watu, na anayetaka kutoka athibitishe kwamba anafanyiwa ukatili. Mlango ukawafungukia 1909, wakati jumba lenyewe limeshakuwa gofu miaka 10.

Ukitaka kumsikia mmoja wa watu wa nyumba kama hizi, endelea mbele kidogo kwa barabara hiyo hiyo mpaka Mtoni. Kwenye kasri ya pale alizaliwa Salme mwaka 1844, dada yake Barghash kwa baba. Ndiye yule aliyetoroka 1866 akiwa na mimba ya Mjerumani. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, na humo anamtaja mama yake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi, na wanawake wengine kwa majina, tabia na ugomvi wao. Wa Mtoni wana majina. Wa Maruhubi tumeachiwa namba: 99.

Nenda asubuhi, jua la mchana halina huruma. Vaa raba, maana kuna mawe na majani. Ukimaliza, sogea ufukweni upande wa kaskazini uwaone mafundi wa majahazi. Salamu kwanza, kamera baadaye.

Mwenzangu siku ile alipiga picha za miembe, na za sehemu ya wanawake kule bafuni. Nilipomwambia asimame kwenye nguzo nimpige moja ya ukumbusho, alisema nisimame mimi.