Mpaka Usio na Kizuizi



Juma hili, katika mfuko wa koti langu kuukuu la baridi, nimekuta tiketi ya basi ya mwaka 2017: Brussels hadi Köln. Imenikumbusha jambo ambalo sijapata kulisimulia.

Mtu aliyevuka Namanga kabla ya vituo viwili kuunganishwa kuwa kimoja mwaka 2018, akashuka basini mara mbili na kupanga foleni mara mbili, hawezi kutulia anapoukaribia mpaka. Basi lilipoiacha Liège, pasipoti yangu ilikuwa tayari mkononi. Nilingoja kizuizi na amri ya kushuka. Kilichopita dirishani ni kibao cha buluu chenye duara la nyota, na dereva hakupunguza mwendo.

Nilistaajabu. Majeshi ya Ujerumani yaliuvuka mpaka huo kuivamia Ubelgiji tarehe 4 Agosti 1914, na tena tarehe 10 Mei 1940. Huko Henri-Chapelle, si mbali na barabara ile, wamelala askari wa Kimarekani wanaokaribia 8,000. Kisha, tarehe 14 Juni 1985, nchi tano zilitia saini Mkataba wa Schengen, na tangu Machi 1995 wasafiri wakaanza kupita bila kuulizwa. Nilijiambia kwamba uadui wa kale kumbe huweza kuzikwa.

Kando yangu aliketi kijana wa Bukavu, aliyekuwa amenigawia nusu ya mkate wake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, tumeisha vuka?" Ndivyo Wakongo wamwitavyo mtu mzima. Nikamjibu kwa furaha kwamba tumevuka. Yeye hakufurahi.

Dakika chache baadaye basi lilisimama mahali pa mapumziko, wakaingia maafisa wawili. Walizipita safu za mbele bila neno, wakaja moja kwa moja kwetu. Pasipoti yangu ilikuwa na viza. Nilirudishiwa kwa adabu. Kijana alitoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Waliitazama, wakamwomba ashuke. Aliniangalia, nami nikatazama dirishani.

Kijerumani nilikifahamu kiasi cha kutosha. Ningeweza kushuka nikamfasiria. Basi lilingoja robo saa nzima, nami robo saa hiyo nzima nilikaa kitini, nikiogopa kwamba nikisimama, nami nitatiliwa shaka. Tukaondoka bila yeye. Jina lake sikuwa nimemwuliza.

Tangu Septemba 2024 Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na wengi wamesikitika kwamba mlango umefungwa. Mimi nakumbuka kwamba siku ile mlango ulikuwa wazi, lakini si kwa wote waliokuwa ndani ya basi. Tena mpaka mmoja niliuchora mwenyewe, kati ya kiti changu na kiti chake, na hakuna mkataba wowote ulionilazimisha.

Ndugu yangu, huenda juma hili utaketi karibu na mtu ambaye karatasi zake hazitoshi: hospitalini, ofisini, au kituoni. Mwulize jina lake mapema. Ukishalijua jina la mtu, ni vigumu kutazama dirishani.

Nawatakia juma jema.