Jenereta ya Msafiri na Jenereta ya Kinyozi

Ufikapo mwezi wa Juni, joto la Texas likapita nyuzi 38 na wenye nafasi wakaanza kutamani hewa ya milimani, huonekana katika barabara kuu ziendazo kaskazini msururu wa magari ya nyumba, yale ambayo Wamarekani huyaita RV, kila moja lina kitanda, jiko, choo na friji ndani yake, na aghalabu, katika rafu ya nyuma, hufungwa kwa mnyororo kisanduku chenye mpini juu, ambacho ni jenereta. Mimi nililelewa Kawangware, Nairobi, na jamaa zangu wamegawanyika baina ya huko na Kibera. Nimekaa katika jimbo hili kiasi cha kuyazoea mengi, ila sijaacha kustaajabia jinsi chombo kimoja, kinachonunuliwa kwa sababu moja ya kukosa stima, kinavyochaguliwa kwa maswali yasiyofanana hata kidogo. Mwenye gari la nyumba huuliza kwanza ni nani atakayeudhika kwa kelele zake. Kinyozi wa Kawangware huuliza ni nani atakayeitengeneza siku itakapokufa, na jirani yupi atakayekuja na waya wake kuomba sehemu.

Mmarekani huanza kwa hesabu, na hesabu yake ina adabu ambayo natamani ingefundishwa katika kila duka la barabara ya Kirinyaga kule Nairobi. Huandika kila kifaa kilichomo garini na wati zake: taa kadhaa, friji, jiko dogo la mawimbi, chaja ya betri, na juu ya vyote kiyoyozi cha paa, ambacho ndicho sultani wa hesabu nzima. Kiyoyozi cha kawaida cha paa hula wati 1,500 hivi kikisha kushika mwendo, lakini katika ile nukta ya kuanza, mota yake inapotoka katika usingizi, hudai karibu mara mbili ya hizo, na jenereta isiyoweza kutoa kiasi hicho kwa sekunde mbili tatu huguna na kuzima. Kwa hiyo namba inayotangazwa kwa maandishi makubwa juu ya boksi, ambayo ni nguvu ya kuanzia, si namba ya kununulia. Ya kununulia ni ile ndogo iliyoandikwa kando, nguvu ya kuendelea, na mnunuzi mwenye busara huacha nafasi juu yake asije akaifanyisha injini kazi ya kufa na kupona saa zote. Wengine hununua kifaa cha kuwasha kiyoyozi taratibu, kikapunguza lile dai la mwanzo. Wengine hununua jenereta mbili ndogo za wati 2,000, za Honda au Yamaha, wakaziunganisha kwa waya maalumu pale tu joto linapozidi, na siku za baridi wakatumia moja.

Hizo ndogo ni za inverta, na hapo ndipo fedha nyingi zinapokwenda. Jenereta ya kawaida sharti izunguke kwa kasi ile ile daima, mara 3,600 kwa dakika kwa stima ya Marekani yenye hezi 60, na mara 3,000 kwa stima yetu yenye hezi 50, hata kama kilichounganishwa ni taa moja tu. Ya inverta hutengeneza umeme wake kwanza, kisha huupitisha katika bodi ya elektroniki inayoupa umbo linalotakiwa, ndiyo maana injini inaweza kupunguza pumzi mzigo ukiwa mdogo, ikala petroli kidogo na kunung'unika badala ya kunguruma. Kwa utulivu huo watu hulipa dola elfu moja na ushei, ilhali ya kelele yenye nguvu sawa hupatikana kwa chini ya nusu ya bei.

Utulivu huo si anasa tupu. Kanuni za hifadhi za taifa za Marekani zinakataza jenereta kupita desibeli 60 ikipimwa kutoka umbali wa futi 50, na katika viwanja vingi vya kambi ni mwiko kuiwasha baina ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Jirani wa kambini, mtu usiyemjua na ambaye hutamwona tena, ana haki ya kulala, na haki hiyo imo ndani ya bei ya chombo. California imekwenda mbele zaidi: mwaka 2021 bodi yake ya hewa iliamua kwamba jenereta ndogo mpya zitakazouzwa huko zitapunguziwa moshi kwa awamu, hata ifikapo 2028 zisiwe na moshi kabisa.

Jambo moja ambalo wasafiri hawa hulijua vyema, na ambalo kwetu ni nadra kulisikia likitajwa dukani, ni mwinuko wa ardhi. Injini ya petroli huvuta hewa, na hewa ya juu ni nyepesi; kwa kila mita 300 za kupanda, injini hupoteza asilimia tatu hadi nne ya nguvu zake. Anayetoka Dallas kwenda Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya bahari, hujua kwamba kiyoyozi kilichowaka vizuri nyumbani huenda kikagoma huko. Basi na tukumbuke kwamba Nairobi iko juu kuliko Denver. Pale Kibera, na zaidi pale Kawangware, jenereta iliyoandikwa wati 2,000 haitoi sana kupita 1,600, hata ikiwa mpya na halisi na muuzaji wake ni mcha Mungu. Na muuzaji anayelaumiwa kwa kuuza uongo, pengine kosa lake ni kwamba lebo ile iliandikiwa watu wa pwani.

Na hivyo tumekwisha kufika nyumbani.

Sababu ya kununua jenereta katika vijiji vya Kibera, kuanzia Makina na Lindi hadi Gatwekera na Soweto, si safari. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya watu wa huko walipata stima kwa njia ya sambaza, yaani waya uliovutwa kutoka nguzo au kutoka kwa mtu aliyeuvuta kwa mwingine, ukalipiwa kwa mwezi kwa bwana wa waya badala ya Kenya Power. Na ingawa mita za tokeni zimeingia katika nyumba nyingi, transfoma iliyokusudiwa kaya mia ikibebeshwa kaya elfu huungua, na mtaa mzima hukaa gizani hadi ipatikane nyingine. Zipo pia giza za taifa zima, ambazo hata tajiri wa Lavington hawezi kuzikwepa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, nchi nzima ikazimika, na tumbili mwenyewe akatoka salama, akakabidhiwa shirika la wanyamapori. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu kote nchini kwa saa nyingi, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya dharura ikakataa kuwaka, abiria wakasubiri gizani. Serikali yenyewe, basi, haikusalimika na ugonjwa wa kununua chombo kisha usikijaribu.

Katika mazingira hayo, mwenye jenereta ni mtu wa watu. Kibanda cha kuonyesha mpira kikizimika dakika ya themanini, vijana waliokwisha kutoa shilingi zao mlangoni hawataki maelezo, wanataka picha; kanisa la mabati lenye gitaa na spika haliwezi kuahirisha Jumapili; mama wa saluni ana mteja ambaye nusu ya kichwa imekauka na nusu bado. Wenye maduka jirani hawaji kulalamikia kelele. Huja na waya, na simu za kuchaji, na wakati mwingine na chupa ya petroli kama mchango wao. Ile kelele ambayo Mmarekani ametumia fedha nyingi kuinyamazisha, kwetu ni tangazo la biashara: ikisikika, wapita njia hujua kwamba hapa kuna taa na kazi inaendelea. Sisemi kwamba ni jambo la kusifiwa lote, kwani zipo kanuni za kelele za mwaka 2009 na wapo watoto wachanga upande wa pili wa bati. Nasema tu kwamba hesabu ya kinyozi ina watu ndani yake ambao hesabu ya msafiri haina.

Tazama basi ununuzi wenyewe. Hapa Texas mnunuzi hukaa sebuleni, akasoma sifa za aina ishirini, akabonyeza, na baada ya siku mbili boksi liko mlangoni na dhamana ya miaka mitatu ndani yake. Nairobi mnunuzi mwenye akili hatoki peke yake. Huenda na fundi, na fundi huyo hulipwa nauli, chai na kitu kidogo, kwa sababu masikio yake yanajua yasiyoandikwa. Wakifika dukani, muuzaji atasema, "Mzee, hii ni kopa tupu," yaani shaba tupu, naye fundi hatajibu. Ataomba kifuniko cha nyuma kifunguliwe, atakwangua kwa ncha ya kisu rangi ya waya uliozungushwa ndani, aone kama chini yake ni nyekundu ya shaba au nyeupe ya alumini, maana jenereta nyingi za bei ya chini zimezungushiwa alumini, ambayo hupata moto upesi na kuungua mapema. Ataiinua apime uzito kwa mkono. Ataivuta kamba mwenyewe, injini ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kuingia huficha maradhi yake. Kisha, na hili ndilo wauzaji wasilolipenda, ataomba pasi au hita ya wati elfu moja aiunganishe, atie mita ya volti katika soketi ya pili, na kutazama: ikianguka kutoka 240 hadi chini ya 200, au injini ikikohoa na kutoa moshi mzito, wanatoka kwenda duka la pili.

Swali lake la mwisho huwa ni kabureta, kamba ya kuvutia, plagi na kapasita: je, zinapatikana kwa rejareja, na kwa bei gani? Hapa ndipo jamaa zetu wa ughaibuni wanapokwenda kombo, kwa nia njema kabisa, wanapotaka kumtumia ndugu jenereta nzuri ya inverta waliyoiona ikifanya kazi kambini. Kwanza hiyo hutoa volti 120, na nyumbani kila kitu ni cha 240. Pili, bodi yake ya elektroniki imezamishwa katika gundi ngumu, na ikiungua hakuna fundi wa Kawangware anayeweza kuifungua. Hununuliwa nzima kutoka ng'ambo kwa fedha inayokaribia bei ya jenereta mpya ya kawaida. Ile ya kelele, yenye kapasita ya bei nafuu na kabureta inayooshwa kwa petroli juu ya karatasi ya gazeti, hufa na kufufuliwa mara nyingi ndani ya miaka yake. Kwa rai yangu fedha hizo zitumwe kwa simu, na uchaguzi uachiwe aliye karibu na fundi.

Tena si kila mtu aitaka jenereta. Mashine ya kunyolea hula wati kumi na tano hivi. Pamoja na taa na redio, kinyozi hafiki wati mia, na jenereta ndogo kabisa, ile ya kuchanganyiwa oili na petroli katika tangi moja, humlia karibu nusu lita kwa saa kwa kazi ambayo betri na paneli ya sola zingeifanya kimya. Septemba 2023 petroli ya Nairobi ilipofika shilingi 211.64 kwa lita, saa moja ya giza ilimla faida ya kichwa kimoja au zaidi. Mwenye draya tatu za nywele, au fundi wa kuchomelea milango kando ya barabara ya Naivasha, huyo hana budi. Sola ya kumtosha ingemmalizia mtaji.

Kuhusu hatari, pande zote mbili zina misiba yake. Februari 2021 baridi kali iliiangusha gridi ya Texas, kaya zaidi ya milioni nne zikakosa stima, na miongoni mwa watu 246 ambao idara ya afya ya jimbo iliwahesabu kuwa walikufa, wapo waliouawa na hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, itokayo katika injini na majiko yaliyowashwa ndani ya nyumba au gereji. Kwetu hewa hiyo hiyo inajulikana kwa jiko la makaa, na watu hulitoa nje kabla ya kulala. Lakini jenereta, kwa kuogopa wezi, huingizwa ndani ya kibanda na mlango ukafungwa. Mnyororo na kufuli nje ya ukuta, na egzosi ikaelekezwa mbali na dirisha la jirani, ni gharama ya kuhesabiwa pamoja na jenereta.

Gharama nyingine ya namna hiyo ni swichi ya kubadilisha. Wengi hutumia waya wenye vichwa viwili vya kuchomeka, kimoja katika jenereta na kingine katika soketi ya ukutani, stima ikaenea chumbani kwa njia ya kinyume. Na kwa kuwa nyumba ile imeunganishwa na nyingine, na ile nyingine na nguzo, umeme huo hutoka hadi kwenye waya ambao fundi wa Kenya Power, au kijana wa sambaza asiye na glavu, ameushika akiamini umekufa. Msafiri wa RV hana haja ya kuliwaza hili, kwa kuwa gari lake lina plagi moja tu, nayo huchomekwa kambini au katika jenereta, si kotekote. Anayemtumia ndugu yake wa Kibera fedha za jenereta na aongeze za swichi hiyo na za kumlipa fundi wa kuifunga, na aombe picha ikisha kufungwa.